Siku ya Nusu

Baba yangu alikuwa msoma mita. Alisoma mita za maji, nyumba kwa nyumba, kwa miaka thelathini na minne, na mtaa mzima ulimwita Mita hata mbele ya wakwe zake. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea ameinamisha kichwa kidogo huku midomo ikichezacheza. Ukimsalimia njiani hakuitikia mpaka afike alikokuwa anakwenda, ndipo arudishe salamu, wakati wewe umeshakata kona na umeshamsema vibaya. Wasiomjua walidhani ana maringo. Waliomjua walimpisha tu, maana alikuwa anahesabu.

Alihesabu hatua zake. Zikitimia elfu moja alitoa kifungo kimoja kwenye mfuko wa kushoto akakitia mfuko wa kulia. Vifungo alipewa na mama, aliyekuwa fundi cherehani na alikuwa na kopo zima la vifungo vilivyopotelewa na wenzao. Jioni baba alisimama mlangoni, akasema "Nimerudi," kisha akamwaga vifungo vya mfuko wa kulia juu ya meza na kutaja masalia kwa mdomo. Vitano na mia tatu. Vinne na mia tisa arobaini. Mama akafunua daftari lake la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma, akazidisha, akajumlisha, halafu akainuka na sindano mkononi.

Juu ya cherehani palikuwa na ramani ya dunia iliyotoka kwenye kalenda ya duka la vitabu. Mama alikuwa ameishonea uzi mwekundu. Uzi ulianzia nyumbani kwetu, ukaelekea kulia, ukavuka nchi za watu na maji ya watu mpaka ukaishia ukingoni mwa karatasi, kisha ukachomoza ukingo wa pili na kurudi mpaka nyumbani. Mama alikuwa amesoma mahali kwamba kuizunguka dunia ni kilomita elfu arobaini, na mume wake alikuwa mtu wa kutembea kila siku, basi akaona si haki atembee bure. Sindano ilikuwa baba. Kila jioni ilisogea upana wa unywele, na siku nyingine haikusogea kabisa kwa macho ya kawaida, lakini mama aliichomoa na kuichomeka tena hivyohivyo.

"Nimerudi," baba husema.

"Bado," mama hujibu bila kugeuka. "Uko baharini. Vua viatu nje, vina chumvi."

Naye huvua. Nilikua nikiamini mambo mawili kwa pamoja, kwamba baba ameketi pale anakula, na kwamba baba yuko katikati ya maji ambayo hata ndege hawayamalizi. Sikuona tatizo. Nilivinusa viatu vyake nikasikia chumvi kweli. Juma alilosoma mita za mtaa wa mafundi bati, kwenye ramani alikuwa anapita nchi ya mchanga mtupu, na alipoinama kula mchanga ulimdondoka masikioni. Naapa niliuona. Alipoingia nchi za baridi mama alimshonea fulana nzito, akaivaa kwenye jua la mchana kuanzia nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho, akarudi amelowa jasho na amefurahi.

Kuna neno moja tu ambalo mama alimnyima. Kila siku alimwambia pole na kazi, kama mke yeyote. "Pole na safari" hakumwambia hata mara moja. Alisema hilo analiweka. Anayepewa pole ya safari ni mtu aliyefika, na wewe hujafika, acha kudandia. Baba alicheka, lakini mimi niliyekuwa nalala chumba cha pili nikiwasikia najua kwamba lilimkaa moyoni. Miaka ilivyokwenda alilitaka lile neno kama mtu anavyotaka jina lake lisomwe mbele ya watu.

Nilikuwa na miaka minane ilipofika Siku ya Nusu. Hilo jina tulilitunga sisi, na kwetu lilikuwa kubwa kuliko sikukuu zote. Kilomita elfu ishirini. Mama alifunga cherehani mapema, akapika vizuri kupita kawaida, akampa baba suruali mpya yenye mifuko mirefu aliyoishona kwa siri. Kisha akanibeba mpaka usawa wa ramani ili nione sindano ilipochomekwa.

"Leo baba yako amefika mbali mpaka basi," aliniambia. "Akienda mbele anarudi nyumbani, akigeuka nyuma anarudi nyumbani. Hakuna mahali mbali kupita hapo alipo."

Nikaangua kilio. Baba alikuwa ameketi mezani na suruali yake mpya, anapuliza chakula, nami nililia kwamba amekwenda mbali mno na hatarudi. Niliingia chini ya meza nikaukumbatia mguu wake, nikagoma kutoka, nikalala hapohapo. Walinisimulia baadaye kwamba alikula chakula chote bila kuusogeza ule mguu.

Mama alifariki miaka sita iliyopita. Baba alikuwa ameshastaafu, lakini asubuhi alitembea vilevile na vifungo vyake, na daftari nikalirithi mimi. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Mtu alitaje hilo atakapokuwa ananicheka, maana nitastahili. Jioni alisema "Nimerudi," nami nikajibu "Bado" kwa sauti ya kumwigiza mama, nikazidisha, nikasogeza sindano. Ilikuwa imeshavuka bahari zote. Ilikuwa imekaribia nyumbani kiasi kwamba ukiwa mbali ungedhani imefika.

Kisha kikaja kidonda. Baba ana kisukari, na kidonda kilianzia kwenye kidole kidogo cha mguu wa kulia, mahali ambapo kiatu kilimbana naye asisikie maumivu. Alikificha. Nilipokuja kukiona nilikaa chini. Daktari, kijana mpole aliyeongea huku akichora mistari kwenye karatasi, alituambia mguu ukatwe chini ya goti, na ukatwe ndani ya wiki mbili, kabla sumu haijapanda juu. Wiki mbili, akarudia, zikipita hizo asiulizwe tena maswali.

Baba alimuuliza kama hilo jambo haliwezi kusubiri mpaka amalize. Daktari akauliza amalize nini. Baba akamwambia zimebaki kilomita thelathini na moja.

Daktari alinitazama mimi. Nikatazama ukuta.

Nyumbani nilimpigia baba hesabu mbele ya macho yake. Kwa kile kidonda alikuwa anaweza kuzunguka ua tu, mita mia mbili kwa siku, tena kwa kushikwa. Kilomita thelathini na moja ni siku mia moja hamsini na tano. Daktari ametoa kumi na nne. Alisikiliza vizuri sana, akatikisa kichwa kukubali hesabu kwamba ni sahihi, akaomba fimbo yake.

Nikafanya ujinga. Asubuhi moja kabla ya kwenda shuleni nilichomoa sindano nikaichomeka nyumbani, palepale uzi ulipoanzia. Nilijiambia nitamdanganya kwamba nimepitia daftari upya nikakuta makosa ya kujumlisha. Mchana niliporudi nilimkuta ameketi chini ya ramani, mikono magotini.

"Nani amenisogeza?"

Nilianza kueleza makosa ya kujumlisha. Aliniacha nimalize, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaniambia taratibu kwamba kazini kwao walikuwapo wasoma mita wa kitandani, watu wanaoandika namba wakiwa wamejilaza kwao, nyumba haijawaona wala mbwa hajawabwekea, na mwisho wa mwezi namba zao zilikuwa nzuri kuliko za kila mtu. Yeye kila namba aliyoiandika aliiinamia. Kisha akasimama kwa mguu ule mbovu, akachomoa sindano, akairudisha alikokuwa.

Nilikasirika nikalia. Nilimwambia anapenda kipande cha uzi kuliko mtoto aliyemzaa, na kwamba mama angekuwapo angemtukana.

"Mama yako aliniwekea neno," alisema. "Nataka kulifikia kwa miguu yangu. Ukiniandikia tu, nitakuwa nimelisoma kitandani."

Siku zikawa kumi. Zikawa tisa. Kidonda kilianza kunuka, nami nilipika nikiwa nimefungua madirisha yote ili asijue kwamba nanusa. Alianza kuchanganya mambo kidogo kwa homa. Aliniuliza kama viatu nimeviweka nje. Nilimwambia ndiyo, viko nje, vinakauka.

Zilipobaki siku nane, jioni jua likiwa bado juu ya ukuta, tulikuwa tunazunguka ua. Nilimshika mkono mmoja, mwingine ameshika fimbo. Maisha yake yote alihesabu kimoyomoyo, na mimi tangu utotoni nilifundishwa nisimwongeleshe, kwa hiyo sikuwahi kuisikia hesabu yake. Lakini siku hiyo alikuwa amechoka, pumzi fupi, na namba zikawa zinamtoka pamoja na pumzi.

"Mia moja na tatu," alisema. Mguu wa kulia ukakanyaga. Wa kushoto ukafuata. "Mia moja na nne."

Nilidhani maumivu yanamfanya aruke. Nikaanza kuhesabu zangu. Tulipofika kwenye kona ya ukuta mimi nilikuwa na arobaini, yeye ameongeza ishirini tu.

"Baba, unaruka. Wa kushoto huuhesabu."

Alisimama. Alinitazama kama alivyonitazama nilipokuwa mdogo nikauliza kwa nini maji ni maji.

"Wa kushoto hauhesabiwi. Kulia na kushoto, ndiyo hatua. Mtu hatembei kwa mguu mmoja."

Akaeleza kwamba ndivyo alivyofundishwa na mzee aliyemwingiza kazini, siku ya kwanza kabisa. Hesabu mguu wa kulia. Wa kushoto ni msindikizaji, ukimhesabu na yeye utachoka kichwa kabla hujachoka miguu.

Nikageuka nikatazama kibarazani. Kwenye sakafu ya kibaraza chetu, karibu na mlango, kuna mikwaruzo miwili ambayo tumeirukaruka tangu nizaliwe. Kisa chake kilisimuliwa kila tulipopata wageni. Mama alipotaka kujua urefu wa hatua ya mume wake, saruji ilikuwa bado mbichi. Alikuwa na pini mdomoni na futi ya kupimia shingoni. Alimwambia, kwa kona ya mdomo, piga hatua. Baba akatoa mguu wa kulia. Mama akaguna kwa nguvu, mm, maana hakuweza kufungua mdomo, na baba akaganda hapohapo, mguu mmoja mbele mwingine nyuma. Mama akakwaruza kwa ncha ya mkasi kwenye kisigino hiki, akakwaruza kwenye kisigino kile. Sentimita sabini na tano. Mara mteja akabisha hodi, mama akaenda kumsikiliza, akamsahau mume wake pale mpaka miguu ikaanza kumtetemeka. Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Sisi pia tulicheka, mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyeuliza ule mguu wa nyuma ulikuwa unangoja nini.

Nilikuwa nimeshamdanganya mara moja, na neno langu juu ya daftari lile lilikuwa halina thamani tena. Nilimwongoza polepole mpaka kibarazani, nikamsimamisha, visigino vyote viwili kwenye mkwaruzo wa kwanza.

"Piga hatua, baba. Kama siku ile."

Alicheka kidogo. Nikamshika kiuno, akajinyoosha, akautoa mguu wa kulia, kisigino kikagusa mkwaruzo wa pili.

"Mm," nikamwambia.

Akaganda. Alikuwa na adabu ile ile ya zamani. Akainamisha kichwa akatazama mguu wa mbele, halafu akageuka, kwa shida, akautazama wa nyuma. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuogopa ataanguka.

"Hii bado," alisema. "Hii ni nusu."

Niliendelea kumshika kiuno.

"Alinikatiza," alisema baba. "Alikuwa na pini mdomoni."

Nilimkalisha kwenye kiti, nikaleta daftari. Sikutaka kuzidisha mimi, nikampa kalamu. Hakuzidisha. Alirudisha kurasa nyuma, mwaka baada ya mwaka, mwandiko wa mama ukizidi kuwa mnono kadiri alivyokuwa kijana, mpaka akaikuta elfu ishirini, ambayo kwa hatua nzima ni elfu arobaini. Pembeni mama alikuwa ameandika maneno matatu. Nusu. Suruali mpya.

"Siku hii nilikuwa wapi?"

"Mezani, baba. Nilikuwa nimekukumbatia mguu."

"Kwa hiyo nilikuwa nimefika."

"Ulikuwa umefika."

Nilitegemea afurahi. Mimi mwenyewe nilikuwa nataka kuruka ukuta kwa furaha. Baba alifunga daftari akaliweka mapajani, na uso wake ukaporomoka.

"Mama yako amekufa akijua niko njiani," alisema. "Mke wangu amekufa ana mume baharini."

"Alikufa umemshika mkono. Nilikuwepo, niliwaona."

"Lakini neno hakuniambia."

Nikalia, naye akalia, watu wazima wawili kibarazani jua halijazama. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akaona, akajifanya anatafuta kuku.

Alipotulia alijifuta kwa kiganja. Akawa tena yule msoma mita. Aliuliza lile nililokuwa naomba asiliulize.

"Na mzunguko wa pili?"

Nilifikiria kudanganya, nikaacha. Nikamwambia amebakiza kilomita sitini na mbili. Nilimjua baba yangu, na siku nane zilikuwa mkononi mwangu kama maji.

Akaanza kucheka. Alicheka kwa pua kwanza, halafu kwa mabega, na sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu daktari achore ile mistari yake.

"Wa pili sikuuomba," alisema. "Nimepelekwa tu."

Kisha akautazama mguu wake wa kushoto. Alivua kiatu chake taratibu akakiweka pembeni, akausugua ule mguu unyayo na vidole kama unavyomsugua mtoto aliyetoka shuleni. Alisema umekwenda safari yote ile, mara mbili kasoro kidogo, na hajawahi kuutaja hata siku moja. Aliona haya kweli. Nilimwona.

"Mpigie daktari," aliniambia. "Asubuhi twende."

Wiki tatu baadaye nilimrudisha nyumbani. Dereva wa teksi alitaka kumbeba mpaka ndani, baba akakataa, akaomba magongo yake. Alisimama getini, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini upande wa kulia. Ilikuwa ile ya Siku ya Nusu, imechakaa, mifuko yake mirefu imetoboka. Akatanguliza magongo. Akashusha mguu wa kushoto.

"Moja," alisema, kwa sauti, watu wote wasikie.

Akapumzika. Akatanguliza magongo tena. Mbili. Nilitembea pembeni yake bila kumgusa na bila kumwongelesha. Kutoka getini mpaka kibarazani zilikuwa kumi na saba. Ya kumi na nane ilivuka mikwaruzo yote miwili. Alifika mlangoni akiwa anatweta, jasho linamchuruzika, akaegemea fremu. Mbele yake ilikuwa cherehani na juu yake ramani, na sindano ilikuwa pale alipoirudisha yeye mwenyewe, upana wa unywele kabla ya nyumbani. Alinikataza nisiiguse.

"Nimerudi," alisema baba.

Miaka sita nilikuwa nimejibu "Bado" kwa sauti ya mama. Nilipotaka kuongea sauti ya mama haikuja, ikaja yangu tu, tena ya kukwaruza.

"Pole na safari, baba."

Aliangalia cherehani. Midomo ikamchezacheza kidogo, kisha ikatulia.

"Asante," alisema. "Nimeshapoa."